Nilichagua Mwenyewe Bomba Lililomficha Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka sitini na mitatu, mkulima wa migomba na kahawa huku Kanazi. Nyumbani wananiita Koku. Akili yangu bado ipo, na hasira yangu pia bado ipo, ingawa mchungaji ananihimiza niiache. Ninapoandika haya machozi yananitoka… lakini nimeona afadhali yamwagikie karatasi kuliko mto wa kulalia.

Mtanicheka nikiwaambia kuwa ndoa yangu ilivunjwa na bomba la moshi. Chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama mkasa huu ungekuwa wa jirani!

Niliolewa miaka michache baada ya vita vya Kagera, katika kijiji kimoja cha Muleba kilichoko mlimani, kinachotazama ziwa. Mume wangu aliitwa Ishengoma. Alikuwa mrefu, mcheshi, aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri, na alikuwa Mhaya hasa. Akinunua viatu vipya, kijiji kizima kitajua vimetoka duka gani! Nilimpenda. Niseme nini zaidi? Nilimpenda sana.

Mama yake, Ma Nyakato, alinipokea kama binti aliyemzaa mwenyewe. Kaka yake mkubwa, Kamugisha, alikwenda vitani na mgambo wenzake, akarudi mzima, akaingia biashara ya magendo na Uganda. Magendo yalipokuwa magumu akahamia kisiwa cha Goziba kununua sangara kwa wavuvi. Mkewe, Adelina, alibaki kijijini, katika nyumba iliyo chini kabisa, jirani na mwalo ambapo mashua hutia nanga. Adelina alikuwa mdogo kwangu. Tulisukana nywele, tulipeana chumvi, watoto wangu walikula kwake kama kwangu, maana yeye alikuwa bado hajajaliwa. Kama mtu angeniambia wakati ule kuwa siku moja nitamlilia Adelina na kumlaani kwa pumzi moja, ningempeleka kwa daktari.

Ishengoma alikuwa na mashua ya mbao ya kubeba wafanyabiashara, dagaa na samaki kati ya Goziba na mwalo wetu. Wenzake walitumia injini za kupachika nyuma. Yeye alipata injini ya mashine ya kusaga unga iliyokuwa imeacha kazi, akaisimika katikati ya mashua na kuiunganisha na pangaboi la kuisukuma majini. Watu walivunjika mbavu. "Leo Ishengoma anakwenda kusaga maji!" walimtania. Maji yalisagika kwelikweli, maana mashua ile ilikwenda.

Ila kelele zake! Bomba la moshi lilikuwa fupi, limesimama wima, halina kitu chochote cha kupunguza sauti. Tuku! Tuku! Tuku! Ulimsikia tangu yuko nyuma ya rasi. Nikiwa shambani nikisikia mlio ule, naacha kila kitu, namenya ndizi, nainjika sufuria. Anapomaliza kupanda mlima, ndizi zimeiva na samaki wa mchuzi amekaa vizuri. Sikuhitaji saa ya ukutani. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa saa, na saa ile haikunidanganya hata siku moja.

Kisha vikaanza vifo…

Mnaoijua Kagera ya miaka ile mnajua ninachosema. Vijana walikwenda Goziba wakiwa na miili ya kubeba magunia, wakarudi wamebaki macho na meno. Wengine waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka ng'ambo. Wengine walisema silimu, kwa jinsi ulivyokondesha. Wengi walisema uchawi, maana mchawi unaweza kumtuhumu bila kujitazama.

Waliofia kisiwani walirudishwa kwa maji. Wenye mashua wengi walikataa kubeba maiti. Ishengoma hakukataa. Alisema, "Mtu akifa asizikwe kwao, nani atalala usingizi?" Hivyo ndivyo alivyokuwa, na hata leo siwezi kumnyima sifa hiyo.

Sasa kwetu, kijiji kikiwa na maiti, jembe linawekwa chini. Hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe. Kwa sababu mashua ya Ishengoma ndiyo iliyoleta wafu, wanawake wakajifunza mlio wake. Tuku, tuku, tuku… na mlima mzima majembe chini! Wanakimbilia mwaloni wakiuliza, "Nani leo? Nani leo?" Mara nyingine kwenye mashua hamna maiti, ni magunia ya dagaa tu. Mwanzoni tulicheka. Lakini msimu ule maharage yalichelewa kupandwa, na wenye njaa hawacheki sana. Wafanyabiashara nao wakaanza kuikwepa mashua yetu, wakiiita mashua ya maiti.

Siku moja nilisikia mlio, nikaweka jembe chini kama wenzangu. Nikasema moyoni, masikini, mama gani tena leo? Kumbe mama huyo alikuwa wa kwetu! Ishengoma alikuwa amemleta kaka yake mwenyewe, Kamugisha, amefungwa katika turubai. Adelina aliingia ziwani na nguo zake hadi kiunoni akiilaki mashua… Sitaki hata kukumbuka kilio kile.

Tulipomaliza matanga, Ma Nyakato aliniita migombani. Aliongea nami taratibu, kwa heshima, hata nikajiona mtu mkubwa. Aliniambia kuwa kijiji kimechoka, watu wanaugua kwa kusikia tu ule mlio, na Adelina pale mwaloni anashtuka kila mashua ikiingia kama vile Kamugisha anafia upya. "Mwanangu Koku, waitu, tafadhali, mwambie mumeo atafute bomba lisilo na kelele. Wewe anakusikiliza."

Ningekataaje? Maneno yale yalikuwa ya kweli yote. Ndiyo maana yalinimaliza.

Ishengoma hakutaka. Aliupenda mlio wake kama jogoo anavyopenda wa kwake. Ni mimi niliyembembeleza, ni mimi niliyenuna, ni mimi niliyefuatana naye hadi Bukoba kwa fundi Haruna, nyuma ya soko, aliyejulikana kwa kuchomelea ekzosi za kila aina.

Fundi alituuliza, "Mnataka nguvu au mnataka kimya?"

Nikamjibu haraka, "Vyote viwili."

Akacheka. "Mama, injini inapumua kama mtu. Ukiibana pumzi haikimbii."

Alitutolea bomba la pikapu. Lilikuwa jepesi na la bei nafuu, lakini bati lake lilikuwa jembamba, unyevu wa ziwa ungelila upesi, na sauti isingepungua sana. Akatutolea la gari dogo, lenye sailensa nzuri ya kimya. Ishengoma akatia kidole ndani, akatikisa kichwa. Tundu lilikuwa finyu. Injini kubwa vile ingekabwa, ingetema moshi mweusi, na nguvu ingeisha katikati ya ziwa.

La mwisho lilikuwa limelala kwenye majani. Ekzosi ya lori la jeshi, iliyobaki tangu vita. Ilikuwa nene, nzito, ina sailensa nene kama mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo. Fundi alisema hii itaipa injini pumzi na bado itameza sauti. Alitueleza kuwa lazima ikae katikati, la sivyo mashua italala upande mmoja, na mdomo wake upindwe nyuma uangalie chini ili mawimbi na mvua visiingie. Mbao za karibu zikingwe kwa bati. Tena akatuonya tusiishike hovyo tukishafika. Chuma kinene kinatunza moto. Mnaweza kushusha mizigo, mkaoga, mkala, mkirudi bado kinababua.

Nikaigonga kwa vidole kama mtu anayechagua chungu sokoni. Ishengoma akanitazama, akasita.

"Hii," nikasema. Mimi! Kwa kinywa changu mwenyewe!

Ilipofungwa, mashua ilitoa mlio wa kikohozi cha mtu aliyejifunika blanketi. Ikiwa nyuma ya rasi husikii chochote. Hata mwaloni penyewe ilibidi uwe karibu. Wanawake wa kijiji walinishukuru. Kikundi cha akina mama kanisani kilinipigia makofi. Ma Nyakato aliniletea senene wa kukaanga, bakuli zima, na mnajua kwetu mtu hagawi senene ovyo. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Sisi Wahaya na sifa tena!

Lakini saa yangu ilikufa.

Ishengoma alianza kutokea tu mlangoni. "Nimefika sasa hivi," anasema, na mimi sijamenya hata ndizi moja. Nikawa naomba radhi, naharakisha moto. Yeye anasema hana njaa. Mwanamume aliyetoka Goziba, hana njaa? Aliacha kutania. Kwenye kwaya besi yake ikafifia. Nikasema ni majonzi ya kaka yake, nikamwongezea upendo. Adelina naye akaacha kuja kusukwa. Nikasema ni ujane, tumpe muda. Ma Nyakato akazidi kunitumia ndizi mbivu na maneno matamu. Nikasema, jamani, nani ana mama mkwe kama wangu?

Jamani, kila jambo nilikuwa na jibu lake! Mtu asiyetaka kujua hakosi majibu.

Alasiri moja akaja, shati limelowa, akasema ameingia sasa hivi kutoka kisiwani na kifurushi cha samaki amekisahau kwenye mashua. Nikasema nakwenda kukichukua. Akasema niache, atakwenda yeye. Nikamtania kuwa samaki wa mwaloni hamsubiri mwenyewe, ni wa paka, nikateremka.

Mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu. Nilipoinama kuchukua kifurushi, mguu uliteleza juu ya magamba ya samaki, nikaangukia ile ekzosi na kuishika kwa kiganja kizima. Nikapiga yowe… Maumivu hayakuja.

Ilikuwa baridi! Baridi kama jiwe la kunolea kisu. Chuma kile kile ambacho fundi alisema kinakaa na moto mpaka umekula na kuoga! Nikatazama mchanga chini ya mashua, ulikuwa mkavu. Nikafungua kifurushi, samaki walikuwa wameshaanza kunuka. Huyu mtu hakufika sasa hivi. Alifika jana.

Niliinua macho. Nyumba iliyo karibu na mwalo ilikuwa moja tu. Kwenye kamba ya nguo ilianikwa suruali niliyoishona kiraka mimi mwenyewe.

Adelina akatoka na beseni. Aliponiona, beseni lilimponyoka. Hakukimbia. Hakukana. Alipiga magoti kwenye mchanga kama tunavyowasalimu wakubwa, akasema, "Dada Koku, sikumchukua. Nilipewa."

Nilipewa! Wasomaji, neno hilo bado linanichoma kuliko chuma chochote.

Aliniambia yote akiwa pale pale chini. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukamrithisha Ishengoma mjane wa kaka yake, kama desturi ilivyokuwa. Lakini sisi tulikuwa Walutheri. Ikijulikana, Ishengoma angetengwa na meza ya Bwana na kuondolewa kwenye kwaya, na mimi ningepiga kelele. Basi wakakubaliana kunificha. Wajomba walijua, shangazi walijua, waliokula chakula changu na kukisifia walijua. Na bomba? Nikamuuliza habari za bomba.

Adelina alilia. Akasema Ma Nyakato alimwambia hivi: "Mashua ikinyamaza, Koku hatajua mumewe ameshuka lini."

Nilipanda mlima sijui kwa miguu ya nani. Sikupitia kwangu, nilikwenda moja kwa moja kwa Ma Nyakato. Sikumtukana, Mungu ni shahidi, ingawa ulimi uliwasha. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kupandisha sauti, "Mwanangu, tungekuambia ungekataa. Na nyumba ya Kamugisha ingezimika."

Nikamuuliza, "Ma, Kamugisha aliuawa na nini?"

Akatazama pembeni. "Alirogwa Goziba."

Niliyaona macho yake. Alijua. Sote tulijua! Tulimwosha sisi, tuliona alivyobaki. Lakini kuutaja ugonjwa ule ilikuwa kuuvua ukoo nguo hadharani, basi wakaona ni heri wampeleke mtoto wa pili alikopita wa kwanza, mradi heshima ibaki.

Niliondoka nikarudi kwa baba yangu hapa Kanazi na binti yangu mdogo. Mvulana wangu, Jovin, walinizuia nisimchukue. Mtoto wa kiume ni wa ukoo, walisema, asihamishwe kwa hasira za mwanamke. Nilimwacha ameshika nguzo ya mlango akiniita… Mama aliyewahi kumwacha mtoto anajua. Wengine siwezi kuwaeleza.

Nilikwenda kupima damu. Kusubiri majibu kulinikondesha hata watu wakaanza kunong'ona kuwa tayari ninao. Majibu yalipotoka, nilikuwa salama. Sijui Mungu alipitia wapi, maana nilikuwa nimelala na mume wangu muda wote ule nikidhani namfariji.

Ishengoma alikuja mara nyingi kuniomba nirudi. Alikaa uani kwa baba yangu, kichwa chini, mtu aliyekuwa haachi kusifia viatu vyake. Nilimwambia sharti langu ni moja tu, akapime. Alicheka kicheko cha zamani, akajipiga kifuani. "Mimi? Nitazame nilivyo, Koku! Huyu ni mgonjwa?"

Wakati huo alikuwa bado mnene. Msimu wa kahawa uliofuata, shati lile lile lilimpwaya.

Nilirudi kumuuguza. Ndugu zangu walinigombeza, lakini ningefanyaje? Nilimpikia uji, nilimgeuza, nilimfulia. Hatukuzungumzia Adelina wala ukoo. Asubuhi moja nikiwa namkausha mgongo, akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa. "Koku," akasema, "ulifanya vizuri kuondoka." Hakuongeza neno. Nilitoka nje nikalia migombani kama mtoto aliyechapwa. Ningetaka anitukane! Kuagana na mtu mbaya ni rahisi, lakini mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshindwa kusema hapana kwa mama yake.

Tulimzika pembeni ya Kamugisha.

Mnafikiri yaliishia hapo? Matanga hayajaanuliwa, ukoo ukaniita. Wazee wamekaa, shangazi wamekaa, na katikati amekaa Projestus, mdogo wa mwisho wa marehemu, kijana asiye na ndevu za maana, anatazama miguu yake. Nikaelewa kabla hawajafungua kinywa. Sasa ilikuwa zamu yangu kupewa!

Msemaji alianza hotuba ya nyumba isiyopaswa kuzimika. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi makali, yote yakapotea. Majibu yangu ya damu hawakuyajua, basi nikamnyooshea Projestus kidole, nikawauliza tu, "Mnataka kumzika na huyu?"

Kisha Ma Nyakato, aliyekuwa amelala kwenye majani ya msiba, akainuka kwa viwiko. Sauti yake haikuwa ile ya migombani. "Mwacheni!" alilia. "Mwacheni mwanangu! Mwacheni!"

Mpaka leo sijui alikuwa akimtetea Projestus au ananitetea mimi. Sikumuuliza, na yeye sasa ni marehemu. Ila siku ile hakuna aliyethubutu kuendelea, na jioni yake Ma Nyakato mwenyewe alimshika Jovin mkono, akanikabidhi, akaingia ndani bila kuniaga. Kibanja, shamba letu la migomba, niliwaachia. Niliondoka na watoto wangu wawili na damu yangu salama, na nilijua nimetoka na utajiri.

Lakini Adelina alibaki. Alipoanza kuumwa, walimkwepa, wakasema ndiye aliyewamaliza vijana wao. Waliompa mume ndio waliomwita mchawi! Nilikuwa nimeapa sitamwona tena. Nilisikia hana wa kumpa maji, kiapo kikanishinda, nikapanda gari kwenda Muleba. Nilimkuta kwenye mkeka katika nyumba ile ya mwaloni, mwepesi kama kikapu kitupu. Nilimwosha, nikamsuka nywele chache zilizobaki. Alikuwa akitabasamu.

Akaniambia, "Dada Koku, unajua hata mimi hawakuniuliza?"

Miaka yote ile nilijiona mimi peke yangu ndiye niliyefichwa. Yeye naye alikuwa amekaa katika nyumba ile, mjane mbichi, wakamfungulia mlango mwanamume na kumwambia, haya, ndiye wako.

Wasomaji wenzangu, wake kwa waume, nawaombeni kwa machozi. Msikubali kupangiwa kitanda kwa jina la heshima ya ukoo. Mkiambiwa jambo kwa sauti ya upole sana, ulizeni linamfaa nani. Nendeni mkapime wote wawili, msomeane majibu uso kwa uso. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi na kulea, hakuna sababu ya kufia kwenye mkeka kwa kuona haya. Na ninyi wazazi, mnapomaliza kumzika mtoto mmoja, msikae kikao cha kumwahidi mwingine kaburi.

Ulizeni, jamani. Waulizeni hata wale mnaodhani hawana sauti. Adelina aliulizwa kwa mara ya kwanza siku yake ya mwisho, nami ndiye niliyemuuliza kama anataka maji au uji. Alifikiri kwa muda mrefu, kana kwamba ni swali gumu. Akasema anataka uji. Nilipouleta, alikuwa ameshakwenda.